Alama Tisa za Nyumba ya Vitasa

Tarehe 4 Machi

Kwako mjukuu wangu Kinanda,

Gemu yako nimeimaliza kwa siku moja, bila kukosea hata mara moja, tena kwa mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa umeshika kikombe cha chai.

Haya, si siku moja. Ni siku tisa. Mbili za mwanzo nilikuwa nimeishika ile rimoti kichwa chini miguu juu, nikimtukana aliyeitengeneza. Na chai ilimwagika. Lakini kumaliza nimemaliza, hilo huninyang'anyi.

Hujambo lakini? Nimekimbilia majivuno nikaruka salamu. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi lina maoni yake kuhusu ngazi. Mshonaji wa ghorofa ya chini anakusalimu. Anasema umekonda kwenye ile picha yako ya jaridani. Nikamwambia picha yenyewe ni ndogo kama stempu, mtu atanenepea wapi.

Uliniandikia kwamba umebakiza miezi mitatu ya majaribio, na mwisho wa Mei mhariri wako ataamua kukuajiri moja kwa moja au kukuaga. Na kwamba wamekurushia gemu nne kwa mpigo, kila moja uipe alama kati ya kumi, na hii ya Nyumba ya Vitasa ukaona unitumie nikuambie ikoje, kwa kuwa vitasa nimekaa navyo miaka arobaini na moja. Basi shika kalamu.

Wewe ni fundi. Unafika kwenye nyumba kubwa, mvua inanyesha, mama mmoja wa gauni jeusi anakupokea ukumbini. Kuna vitasa vitatu: cha kabati, cha saa kubwa ya ukutani, na cha mlango wa ndani. Unaingiza waya, unapapasa, unasikiliza. Kinanda, ule mlio. Hawa watu wamekwenda kutafuta kitasa cha kweli, chenye grisi ya zamani iliyoganda, wakakirekodi. Nilifumba macho nikawa karakanani kwangu. Hakuna anayekukimbiza, hakuna bunduki, hakuna damu. Ukifungua, yule mama anakupigia makofi polepole. Katika kazi yangu yote mimi nimepigwa kofi moja tu, na lilikuwa la shavuni.

Alama zangu ni tisa. Ya kumi nimeikata kwa sababu ufunguo wa saa unazungushwa kushoto, na saa ya namna ile hufunguliwa kulia. Waambie.

Kitasa cha mlango wa ndani ndicho kigumu, kilinikalia siku nne. Kilipoachia nikafanya kama fundi yeyote mwenye adabu: nikarudi nyuma hatua mbili nimpishe mwenye nyumba. Wewe unajua, ulikuwa ukinifuata kazini ukiwa na meno mawili. Fundi vitasa anafungua, haingii. Yaliyo ndani si yake kuyaona kwanza. Maneno ya kwenye kioo ni ya kigeni siyajui, lakini mkono naujua: yule mama akaniashiria niingie, nami nikamngoja atangulie. Tukasimama hivyo, kila mmoja na adabu zake. Hajaingia mpaka leo. Basi kila siku narudi kwenye kabati naanza upya, navifungua vyote vitatu, nasimama kando. Ndiyo maana nasema nimeimaliza.

Jarida lako nalisoma. Gemu ya mpira mmeipa saba, na uwanja mzima hakuna hata mtu mmoja anayemtukana refa. Hiyo ni tatu. Ya ukulima mmeipa nane, mahindi yanakomaa kwa dakika nne. Mkulima wa hivyo atapata wapi muda wa kulalamika?

Ni mimi babu yako,
Fundi Kitasa


Tarehe 15 Machi

Shikamoo Babu,

Mimi mzima, natumaini goti halijakushinda. Msalimu sana mshonaji, mwambie ninakula.

Barua yako imefika asubuhi ya leo, na kesho ndiyo siku ya kukabidhi. Umeniokoa. Zile gemu tatu nyingine zimenimeza, na hii ya vitasa sijaigusa. Mhariri anapita nyuma ya viti vyetu akigongagonga kioo cha saa yake kwa kucha. Mwenzangu wa meza ya pili aliagwa wiki jana. Kiti chake bado kipo, hakuna anayekikalia.

Nitaandika kutokana na maelezo yako. Ule mlio wa grisi na yale makofi nitayaiba, uniwie radhi. Nitaipa tisa. Najua utaratibu unataka anayetoa alama awe amecheza mwenyewe mpaka mwisho. Lakini wewe umecheza mpaka mwisho, na damu yetu moja, kwa hiyo ni kama nimecheza mimi. Au sivyo?

Nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya friji.

Mjukuu wako,
Kinanda


Tarehe 27 Machi

Kinanda, mjukuu wangu,

Salamu nyingi na afya tele, halafu nisikilize, maana sijatulia.

Jana mshonaji alipanda na kikapu chake kunishonea kifungo. Nikamwambia aketi aone mzee anavyofanya kazi. Nikafungua kabati, nikafungua saa, nikafungua mlango, nikasimama kando. Yeye ile lugha anaisoma, alijifunza kwenye vitabu vya mishono. Akaniuliza kwa nini siingii. Nikamwambia namngoja mwenye nyumba. Akaangalia chini ya kioo akasema, "Hapo pameandikwa: mazoezi yamekwisha, ingia, sura ya kwanza inaanza."

Sura ya kwanza. Sasa mimi nilikuwa wapi mwezi mzima?

Mwanangu, nilikuwa kibarazani. Nimekusifia nyumba ambayo sijavua viatu nikaingia. Nimekupigia simu mara sita kwa simu ya mshonaji, inaita mpaka inachoka. Najua mnaziacha kabatini mkiingia kazini ili siri za gemu zisitoke, lakini na jioni je? Kama hujaiandika, usiiandike. Kama umeiandika, ifute. Barua hii nimempa karani wa posta mkononi, nikamwomba aiweke juu ya zote.

Babu yako


Tarehe 8 Aprili

Shikamoo Babu. Natumaini hujambo.

Barua yako imefika leo. Jarida lilitoka tarehe 28. Simu uliyokuwa ukipiga ni namba yangu ya zamani, nilibadilisha Januari na sikukuambia. Hilo ni langu.

Nimeandika kwamba Nyumba ya Vitasa ni gemu tulivu, haina damu, inafaa familia nzima, wazee kwa watoto. Tisa kwa kumi. Waliotengeneza wameyaweka maneno yangu kwenye tangazo lao, nadhani kwa kunicheka. Kwa sababu nyuma ya ule mlango, Babu, kuna mafundi kumi na mmoja waliokuja kabla yako, wametundikwa kwenye misumari kama makoti. Na yule mama aliyekuwa akikupigia makofi ana mkasi, na anakufukuza nao mpaka mwisho wa gemu.

Mama mmoja ameandika kwamba alimnunulia binti yake wa miaka minane kwa sababu yangu. Sasa mtoto hakubali kubaki chumbani peke yake, na kila mlango wa nyumba yao lazima uachwe wazi, hata wa choo. Barua ya namna hiyo hatuna moja, tuna thelathini na kitu.

Mhariri aliniita akaniuliza kama niliicheza. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kwa nini basi sikuona mafundi. Nikasema nakala niliyoletewa ilikuwa pungufu, iliishia ukumbini. Sijui maneno hayo yalitoka wapi, yalikuja yenyewe kama yalikuwa yanangoja zamu. Ameandikia watengenezaji kuwauliza. Majibu yao yatafika mwanzoni mwa Mei, na mwisho wa Mei ndiyo anaamua ajira yangu.

Sili vizuri. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama natafuta pa kukaa.

Kwa nini uliniambia umeimaliza?

Kinanda


Tarehe 18 Aprili

Kinanda wangu,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa umekaa. Mimi sijambo, goti nalo linakusalimu.

Umeniuliza kwa nini. Nimeandika jibu mara tatu nikachana. Mtu amefunga karakana miaka sita, hakuna anayemgongea mlango isipokuwa wa kusoma mita. Halafu mjukuu wake, msomi, anamtumia kazi na kumwambia, Babu, hii wewe unaijua kuliko mimi. Ulitaka niseme nimeshindwa? Ningesema nimeimaliza hata kama ungenitumia ndege nzima niirushe.

Nimeingia, lakini. Nilimwita mshonaji akae karibu. Nikamwomba radhi yule mama wa gauni, nikapita mbele yake, na mlango ukajifunga nyuma yangu. Wale wenzangu nimewaona. Mmoja kavaa aproni kama yangu ya kazini. Mkasi ulipotokea mshonaji alipiga ukelele akajichoma sindano, na baada ya hapo alinisuta saa nzima, si kwa sababu ya sindano, bali kwa kuwa mkasi wenyewe ni wa kukatia karatasi, nguo haukati. Anasema gemu inayokosea mkasi haistahili hata nne.

Sasa la maana. Kwanza nilikutafutia uongo mzuri zaidi, nikapata minne. Katika mmoja, mimi nakufa. Nilipofika wa nne nikakumbuka jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata bibi yako.

Nikiwa kijana kama wewe, mwenye duka alinituma nikague kitasa cha mlango wa nyuma. Kulikuwa na mechi. Nikamwambia nimekikagua. Wezi wakapita hapohapo. Nilipoulizwa, yakanijia maneno kama yalivyokujia wewe: nikasema mlango ule alikagua mwenzangu. Tulikuwa vibarua wawili. Yeye alikuwa mpole, hakujua kujitetea, akafukuzwa. Mimi nikabaki, nikawa fundi mkubwa, unanijua. Yule mwenzangu bado yuko hai. Mtaa wao nikiupita huvuka nikatembea upande wa pili, na ni miaka hamsini sasa navuka.

Nenda kwa mhariri kabla ya majibu hayo kufika. Usingoje akufungulie yeye. Mwambie hukucheza, alicheza babu yako, na babu yako ni mpumbavu mwenye adabu. Nitaje utakavyo. Kazi unaweza kupata nyingine, sikudanganyi kwamba ni rahisi, lakini inapatikana. Kuvuka barabara miaka hamsini kunachosha, Kinanda.

Ni mimi babu yako


Tarehe 9 Mei

Mjukuu wangu,

U hali gani? Nauliza kweli, si kwa desturi ya barua.

Wiki tatu sijaona mwandiko wako. Nimekwenda posta mara tano. Karani akiniona anaanza kutikisa kichwa nikiwa bado kule nje, ili anipunguzie ngazi. Namba yako mpya sina. Sijui kama ulikwenda kwa mhariri, sijui kama ulinielewa au nilikuongezea mzigo. Kiti cha mwenzako wa meza ya pili nimekiota, na aliyekikalia alikuwa wewe.

Kama umekasirika niandikie matusi. Nayo ni barua.

Babu


Tarehe 20 Mei

Shikamoo Babu yangu,

Barua zako zote mbili ninazo hapa mapajani. Unisamehe kwa kukaa kimya. Nilikuwa naanza kuandika, nafika kwenye salamu, nakwama. Namba yangu mpya nimeiandika nyuma ya bahasha.

Nilikwenda tarehe 2, majibu ya watengenezaji yakiwa bado hayajafika. Nilimkuta mhariri anamenya chungwa. Nikamwambia yote: kwamba sikucheza, kwamba nakala haikuwa pungufu, kwamba alicheza babu yangu fundi vitasa na akasimama mlangoni mwezi mzima akimpisha mwenye nyumba. Hakucheka. Alimaliza kumenya ndipo akasema, "Wasiomaliza gemu humu ndani ni wengi. Kosa lako ni kuandika kwamba umecheza. Na la pili ni kuja kuurudia uongo huo usoni pangu."

Ajira sikupata. Jina langu limeondolewa kwenye kurasa za alama. Nimepewa miezi sita meza ya barua za wasomaji, nijibu moja moja, na tukifika mwisho wake ataangalia tena, bila kuahidi. Toleo hili nimechapa maelezo yangu, utayaona. Barua ya kwanza niliyopewa kujibu ni ya yule mama wa binti wa miaka minane. Nilikaa nayo siku mbili. Amenirudishia mstari mmoja: mlango wa choo sasa unafungwa.

Nyumba ya Vitasa nimeicheza mpaka mwisho, saa kumi na nne. Ningeipa sita. Vitasa ni vya tisa kweli, mengine ni mbio na makelele.

Lakini kuna jambo sikumwambia mhariri, nakuambia wewe. Nilikulaumu kwamba hukuniambia. Juzi nimeitoa ile barua yako ya kwanza nikaisoma yote. Uliniambia, Babu. Ukurasa wa pili umeandika waziwazi kwamba mlango umeufungua na hukuingia. Ningeusoma ningejua palepale, nimekuona ukisimama kando ya milango utoto wangu wote. Siku ile nilisoma mpaka neno "tisa" nikaikunja. Gemu sikuimaliza, na barua yako pia sikuimaliza. Ile ya pili ndiyo inayoniuma.

Mjukuu wako,
Kinanda


Tarehe 30 Mei

Kwako Kinanda, mwenye meza ya barua,

Hujambo na meza yako? Mimi mzima. Goti limeacha maoni, sasa linatoa amri.

Maelezo yako nimeyasoma, na mshonaji ameyasoma kwa sauti dukani kwake mbele ya wateja, bila mimi kumwomba. Umeniandika "mzee mmoja wa ukoo wangu". Mzee mmoja? Wa pili yuko wapi, nimjue? Wasomaji wenu wawili wameniandikia kupitia kwenu. Mmoja ananiita zuzu. Mwingine anauliza kama naweza kumfungulia sanduku la marehemu baba yake, ufunguo ulipotea. Huyo wa sanduku nimemjibu. Nitakwenda Alhamisi, ni mwendo wa basi mbili, na aproni nimeipiga pasi.

Ajira imekuuma, najua, na sitakudanganya kwamba meza ya barua ni ngazi ya kupandia. Inawezekana ni kona tu wamekuweka. Lakini nimekusoma mstari kwa mstari, na mwandiko wako wa tarehe 20 umekaa chini. Wa Aprili ulikuwa unatembea chumbani.

Na mimi nilikwenda kule mtaani. Sikuvuka. Mke wake alinifungulia, akasema mzee amelala, nije tena. Nitakwenda tena. Sijui atasema nini, na usingizi umenipungua kwa kufikiria, ila miguu inataka kwenda.

Kuhusu sita yako, tutagombana. Unaikata alama tatu kwa sababu ya mbio? Wewe hujui kukimbia na goti hili, ningekuwa na mkasi nyuma yangu na bado ningetembea. Nimefika sura ya nne. Nimegundua yule mama hasikii ukichuchumaa nyuma ya kabati la vyombo, na vile vitasa vya ghorofa ya juu vimetengenezwa na mtu anayejua kazi. Kwangu sasa ni nane, ya tisa nimempa mshonaji aikate kwa sababu ya mkasi. Wewe andika sita zako, mimi niachie nane zangu.

Lile la ukurasa wa pili sitakuambia halikuniuma. Lilinikaa siku mbili. Halafu nikajiuliza ni barua ngapi za bibi yako nilizisoma mpaka nilipoona neno "salama" nikazitia mfukoni. Kwa hiyo wewe unanidai kidogo, mimi nakudai kidogo zaidi. Langu nimeliandika huku chini kabisa, kwenye kona, baada ya kila kitu, nione kama utafika.

Ni mimi babu yako,
Fundi Kitasa

Nitumie betri mbili za rimoti, zile nyembamba. Zimeniishia nikiwa katikati ya ngazi, na yule mama yuko vidato vitatu nyuma yangu tangu Jumanne.